Kamba Weupe wa Thamesmead

Jumamosi, 19 Julai

Mayai yameanza kubonyea. Dalili njema! Yamo kwenye boksi la joto katika chumba kidogo cha flati yetu, hapa Thamesmead, na ndani yake umo utajiri wangu. Baba ni nyoka mwekundu, wa aina iitwayo nyoka wa mahindi, isiyo na sumu; hana hata tone la weusi. Mama ni wa kijivu, hana hata chembe ya wekundu. Hesabu ni ya kutoa tu. Baba anaondoa weusi, mama anaondoa wekundu, kinachobaki ni nyoka mweupe pe. Adimu. Watu wanawagombania. Nashangaa hakuna aliyeliwaza hili kabla yangu.

Tushar wa Rayners Lane, aliyeniuzia wazazi hawa, alinieleza jambo refu kuhusu wajukuu. Sikumsikiliza. Naye ni mfugaji, na mfugaji hampi mwenzake siri.

Kijakazi, mke wangu, ametoa sharti. Watoto wakitoka weupe, chumba ni changu. Wakitoka rangi nyingine, chumba ni chake, aweke cherehani iliyokaa uvunguni tangu tuhamie, nami niende intavyuu kwa kaka yake Mansour, kazi ya kuhudumia wazee. Nimekubali kwa moyo mkunjufu.

Jumatatu, 21 Julai

Nimetangaza kwenye grupu la Wapemba wa London. Magharibi ilikuwa imeshapita, na usiku nyoka hatajwi jina, ndivyo nilivyolelewa. Marehemu bibi, kule Wete, alikuwa akimwita "kamba". Basi nami nikaandika: "Kamba weupe, adimu, wanatoka wiki hii. Wazima, wanatembea." Ningeweza kungoja asubuhi, lakini biashara haingoji.

Kumbe watu wetu ni wapenzi wa nyoka kiasi hiki! Bi Nusra wa ghorofa ya chini ameuliza ukubwa wao. Nikamwambia unene wa penseli, urefu wa rula. Akasema maashaallah. Akauliza kama itabidi awamenye. Nikamjibu hapana, hujivua magamba wenyewe. Akataka kumi. Hamad, mwenyekiti wa grupu, anataka wa kutosha harusi ya binti yake. Nimejiuliza sana, nyoka harusini ni wa nini? Nadhani mapambo.

Jumatano, 23 Julai

Wanatoka! Kwanza mpasuko mwembamba, kama ganda limekatwa kwa wembe. Kisha kipua. Kinachungulia, kinarudi ndani, kinafikiri, kinachungulia tena. Sijaona kitu kizuri hivi tangu nije Ulaya. Hata Kijakazi, aliyeapa kutotia mguu humu, alipiga magoti karibu yangu akauliza mbona hawana haraka. Tulikaa hapo mpaka chai ikapoa.

Wa kwanza katoka kahawia, na mabaka mgongoni. Nikasema huyu amekosea. Wa pili, kahawia. Wote kahawia, kama nyoka yeyote wa porini. Kijakazi alikwenda kuchukua tepu yake akaanza kupima ukuta.

Nimempigia Tushar. Akasema, kwa upole unaoudhi, kwamba aliniambia. Alichokosa baba, mama alikuwa nacho. Alichokosa mama, baba alikuwa nacho. Watoto wamekusanya vyote, na weupe umo ndani yao, umejificha. Wakikua, miaka mitatu hivi, na kuzaana wao kwa wao, baadhi ya wajukuu watatoka weupe. Nikauliza, ndugu kwa ndugu si haramu? Akaniuliza kama nyoka wangu wanaswali. Lakini jambo lenyewe limenishika: rangi inaweza kulala ndani ya kiumbe asiyeionyesha kabisa. Nimewatazama jioni nzima, nikijaribu kuiona.

Ijumaa, 25 Julai

Niliwaandikia wateja kwamba weupe umechelewa, wa kahawia wapo. Wakajibu rangi si kitu. Watu waungwana sana.

Wamekuja baada ya sala. Bi Nusra na bakuli, ndimu, na thomu iliyokwisha kutwangwa. Hamad na ndoo ya barafu. Barafu niliiona ajabu, lakini mteja haulizwi. Nikafungua boksi.

Hamad aliangusha ndoo akatoka bila viatu. Bi Nusra hakukimbia. Alivaa miwani, akainama, akatazama kwa makini.

"Mwanangu Ameir," akasema, "kamba gani hawa wasio na miguu?"

Nikamweleza kwamba nilipoandika ilikuwa usiku. Akasema hata usiku, nyoka huitwa kamba na mtu anayemkimbia, si anayemuuza. Nimetolewa kwenye grupu. Kijakazi alicheka hadi akakaa chini, akajifuta macho, akaniambia intavyuu ni Jumatatu.

Jumapili, 27 Julai

Tushar amekuja kuwachukua nyoka, wazazi na watoto. Karibu wote. Watoto wawili, dume na jike, hakuwaona, kwa sababu sikumwonyesha.

Cherehani imeingia chumbani. Kijakazi ameshona tangu asubuhi huku akiimba. Nilikuwa nimesahau kwamba anaimba. Imenigusa kweli, nikaona haya kwamba kitu kidogo kama hiki nimemnyima muda wote huu. Nikajiapia kwamba sitamficha jambo tena.

Mchana akasema vitambaa vyake ataviweka kwenye droo ya chini. Nikawahi kusimama mbele ya droo. Nikamwambia droo hiyo imebana, asiiguse, nitaitengeneza mwenyewe.

Akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia si mrefu, miaka mitatu hivi.