Ukweli Niliomfundisha Fikirini

Jumatatu, 2 Machi 1931
Nina hasira hata chai imenishinda. Karakana ya reli kule Gerezani inatafuta mkalimani. Kazi yangu hiyo! Mtaa wa Kongo mzima unajua ni nani anayefundisha Kiingereza barazani kwake. Leo nasikia Fikirini, mwanafunzi wangu, naye ameiomba. Juzi tu hakujua hata kumwamkia Mzungu. Shukrani ya punda ni mateke.

Jumanne, 3 Machi
Dawa yake nimeipata. Somo la leo: maadili. Nikamwambia Waingereza wanapenda ukweli kuliko chakula. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui. Akauliza, hata mbele ya Bwana Mkubwa? Hasa mbele yake, nikamjibu, na umtazame machoni. Akanishukuru kwa moyo mweupe. Mjinga! Nani atamwajiri mkalimani asiyejua?

Alhamisi, 5 Machi
Tumeitwa wote wawili karakanani, mbele ya Bwana Mkubwa. Nisichokielewa nilikitungia jibu, bila kusita. Fikirini yeye hajui, hajui, hajui. Nikacheka kimoyomoyo. Mara Mzungu akampa mkono! Akatueleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba mkalimani aliyepita alikuwa akibuni maneno, hata fundi mmoja akakatwa vidole na mashine. Anataka mtu anayekiri asipoelewa. Kazi kapewa Fikirini. Nimerudi Kariakoo kwa miguu nikisema peke yangu, wauza dagaa wakanipisha njia.

Ijumaa, 6 Machi
Baada ya sala, Fikirini kaja na halua. Shikamoo nyingi, machozi, eti mimi ndiye niliyemfungua macho. Nikajikaza, nikala. Nikamwomba anisemee nipate japo kazi ya msaidizi wake, amhakikishie Bwana Mkubwa kwamba Kiingereza nakijua barabara. Akainamisha kichwa.

"Ameshaniuliza, Mwalimu. Nikamtazama machoni, nikamwambia sijui kama unakijua."

Nimemfukuza. Halua nimeizuia.

Jumamosi, 7 Machi
Sijalala kwa ghadhabu. Lakini kosa nimeligundua: ukweli si somo la kumpa mtu usiyempenda. Sasa karakana inatafuta karani, na Sadalla muuza ndizi anaitaka nafasi hiyo. Kaja kwangu kujifunza. Huyu nitamfundisha uongo mtupu. Na mimi Jumatatu nakwenda tena, kuiomba hiyo ya ukarani. Alhamisi nilishindwa kwa sababu moja tu, nilijibu kwa sauti ndogo mno.