Jinsi Nilivyomficha Koplo Hana

Jumatatu, 9 Juni
Hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Antipasi, fundi redio anayejiita admini wa kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Utemini, kaweka picha na namba ya simu ya Koplo Hana, mpangaji wangu! Eti wananchi wampongeze kwa kukamata wezi wa ng'ombe kule Mtinko. Mjinga! Ndugu wa wezi nao wana simu. Na Koplo anaishi peke yake na mwanawe wa miaka mitatu. Tangu ahamie kwangu hata ndala haijapotea uani. Akihama, nani atanilinda?

Nimeandika kwenye kundi, herufi kubwa: NI MARUFUKU mtu yeyote kutaja kwamba Koplo Hana anaishi kwangu, geti la kijani, nyuma ya mashine ya alizeti. Watu mia mbili wamesoma. Ujumbe umefika.

Jumanne, 10 Juni
Wanaume wawili wamepita getini na pikipiki mara tatu. Wageni. Wanakodoa macho, wala hawasalimii! Koplo kaja kabla ya zamu, kaniamkia vizuri, kisha kaniomba nifute ule ujumbe. Nimemwambia nikifuta, Antipasi atadhani nimemwogopa. Kanitazama kama anavyotazama watuhumiwa. Kristina, mke wangu, kadakia kwamba wabaya wa zamani walihangaika kutafuta nyumba, wa siku hizi wanaelekezwa na baba mwenye nyumba. Nimekwenda kununua rangi.

Jumatano, 11 Juni
Geti sasa la bluu! Kazi ya kutwa nzima. Upepo wa Juni umelipaka maganda ya alizeti, limeota manyoya kama kuku. Na hiyo rangi ya bei rahisi haikauki. Nimelipiga picha, nikaituma kwenye kundi: wanaotafuta geti la kijani wasihangaike, halipo tena. Antipasi kajibu kwa vicheko vitano, akauliza kama namba ya nyumba nayo nitaibadilisha, maana pichani inasomeka vizuri tu. Fedhuli! Nimempigia, nimemtukana mpaka salio likaisha.

Ijumaa, 13 Juni
Wamekuja. Wale wawili, saa kumi jioni. Koplo kazini, mtoto anacheza uani, Kristina anapepeta mtama. Wakauliza kwa upole kama hapa ndipo anapoishi Koplo Hana. Nikajibu kwa akili: simjui, na isitoshe harudi mpaka saa mbili. Kristina akatupa ungo, akamnyakua mtoto, akajifungia naye ndani. Mmoja akapiga teke geti, akasema watarudi hiyo saa mbili.

Kristina akampigia Koplo. Askari wakawakuta kwa muuza chai, pale pale mtaani, mmoja na kiatu cha bluu. Rangi yangu hiyo! Nikangoja shukrani. Koplo alikuwa amempakata mtoto, naye mtoto anauliza wale wajomba walitaka nini. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu kwamba wale wawili anajua awafungulie shauri gani, ila mimi hajui, na kwamba anahama.

Yote haya kwa sababu ya Antipasi!

Jumapili, 15 Juni
Kahama tukiwa kanisani. Ufunguo kamwachia jirani, ampe Kristina, si mimi. Kristina anajua alikokwenda ila kagoma kunitajia, anasema labda aniambie siku ya kunizika. Dharau hii, ndani ya nyumba yangu!

Nimechukua baiskeli, nikazunguka mitaa mitatu mpaka nikaona sare yake imeanikwa kwenye kamba. Nyumba ya bati jekundu, mkabala na kisima. Nzuri, lakini ulinzi hakuna kabisa! Mtu yeyote anaweza kufika. Huyo mwenye nyumba mpya hafikirii?

Kesho asubuhi naenda kwa fundi wa vibao, nipate kimoja cha kutundika pale kwake. Maneno nimeshayapanga: HAPA HAISHI POLISI. Herufi nyekundu, kubwa, zisomeke kutoka barabarani.