Mke Wangu Ameniua kwa Kiingereza Sanifu

Koboko,
Machi 1988

Kwa Mwalimu Lomoro, mlezi wa darasa la Kiingereza la watu wazima,

Baada ya heshima zote zinazokustahili, mimi ni Sebit, mume wa mwanafunzi wako Medina. Nakuandikia nikiwa hai, jambo ambalo siku hizi inabidi nilitaje kwanza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wiki iliyopita Medina alikwenda kujiandikisha apate jembe na mabati wanayogawiwa watu waliorudi kutoka Sudan. Karani, kijana kutoka Kampala, alimuuliza kazi ya mumewe. Sasa, lori nililokuwa naendesha lilibaki barabarani tulipokimbia vita, na wewe ulimfundisha kwamba jambo lililokwisha husemwa kwa was. Basi akajibu, "My husband was a driver." Karani akaweka kalamu chini, akasema, "Sorry." Medina akajibu, "Thank you," kama ulivyomfundisha, akaandikwa mjane. Nakupongeza, Mwalimu. Hakukosea hata neno moja.

2. Habari ya kifo changu ilifika kwa ndugu zangu kijijini Aroi kabla ya mabati kufika kwangu. Baba mdogo Kamisi alikuja kwa baiskeli, amempakia binamu yangu Sule, ambaye alikuwa ameoga na kupiga shati pasi, tayari kumrithi mjane. Walinikuta namenya muhogo. Baba mdogo alinitazama kwa uchungu wa mtu aliyepoteza safari.

"Sebit," akasema, "sisi natoka mbali kulia wewe, na wewe iko hapa nakula muhogo?"

Medina alimpa Sule chai ya sukari. Yangu haijaona sukari tangu Idi.

3. Nilikwenda mwenyewe ofisini kujifufua. Nikamwambia karani, "I am a driver." Akauliza lori liko wapi. Nikasema, "The lorry was." Akaniambia nirudi siku lori litakapokuwa is. Mwalimu, mtu anayejua kuendesha lakini hana gari, Waingereza wamemwekea wakati gani? Au kwao hayupo?

4. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, wakati uliopita upigwe marufuku Koboko nzima. Tunao wa kutosha. Tulikimbia nao, tukarudi nao, hatuna haja ya kuusomea. Fundisha wakati ujao peke yake. Medina akisema, "My husband will be a driver," hakuna atakayeleta matanga, na mimi mwenyewe nitapata moyo.

Wasalimie wanafunzi wote, hasa Rosa Kiden, aliyenililia kwa sauti kubwa kuliko ndugu zangu. Mwambie nilimsikia, na nilishukuru.

Ni mimi, niliyepo,
Sebit

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha wamekuja watu wawili wenye bunduki, wanatafuta dereva wa kuwapelekea lori kule kunakopigwa risasi. Medina alisimama mlangoni akawaeleza habari zangu kwa kile kile Kiingereza chako. Walivua kofia, wakampa pole, wakaondoka. Mimi nilisikia yote nikiwa chini ya kitanda. Mwalimu, tafadhali usifute kitu. Na kama Waingereza wana wakati uliopita zaidi ya huo, mfundishe kesho asubuhi.