Kumpeleka Mzee Rwakishaya kwa Gorila

Jumanne, 9 Julai

Mzee Rwakishaya kanipa mwanya! Alikaa barazani na kibuyu chake cha bushera, ule uji wa mtama uliochacha, akilalamika kwamba Wazungu wanapanda ndege kuja kuwatazama majirani zake, naye kazaliwa hapa Buhoma, kazeekea ukingoni mwa msitu, na hajamwona gorila hata mgongo. Akasema atakayemwonyesha, huyo atakuwa mwanawe. Mwanawe! Nami namtaka binti yake Kyarisiima tangu mwaka juzi. Beyaraza, anayemtaka vilevile, alikuwepo. Huyo kazi yake ni kujitolea kuwarudisha gorila msituni wakiingia mashambani. Filimbi na matope, basi. Hana mipango. Mimi ninayo.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeuza mbuzi wa mahari. Kyarisiima kaniuliza sasa mahari nitatoa nini. Nikamjibu kwamba baba yake akishaona gorila hatakumbuka mbuzi. Akanitazama, akarudi kuchambua maharage yake. Nadhani kastaajabia akili zangu.

Kwa wakala wa utalii, vibali vya kuwaona gorila Jumatatu hapa Buhoma vimekwisha. Vipo vya Rushaga. Sawa tu! Msitu si ule ule? Nimelipa.

Ijumaa, 12 Julai

Rushaga ni upande wa pili wa msitu. Kutwa nzima kwa gari! Kaniambia Beyaraza, kwa upole wa kuudhi, na kuniuliza kama wakala hawezi kunibadilishia siku. Nikamwambia nimepanga hivyo makusudi, mzee apate na matembezi.

Nimekodi gari la viazi. Na ili mzee asinung'unike njiani, nimemnunulia kopo la ugoro, ule mkali.

Jumatatu, 15 Julai. Rushaga

Ole wangu. Jana njia nzima mzee alikuwa na furaha juu ya magunia, ugoro puani, akiniita mkwe. Mkwe! Nusura nilie.

Asubuhi tukakusanyika kwenye ofisi ya hifadhi. Mwongozaji akaeleza masharti: msiwasogelee, msile mbele yao, na mwenye mafua au kikohozi aseme, maana gorila huambukizwa magonjwa yetu na kufa. Hapo hapo mzee akapiga chafya. Ya pili ikamwangushia kofia. Tukaambiwa tusimame kando.

Nikaapa kwamba ni ugoro tu. Mwongozaji, kijana mpole, akasema yeye si daktari, atajuaje? Basi nikavuta mimi mwenyewe, konzi nzima, ili aone. Akaona. Wenzetu wakaingia msituni, sisi tukabaki chini ya bendera tukipiga chafya kwa zamu.

Jumatano, 17 Julai

Tumefika nyumbani jana. Migomba ya mzee iko chini. Nikadhani ni upepo. Wapi! Jumatatu asubuhi gorila walikuja, familia nzima, dume lenye mgongo mweupe na watoto wake, wakakaa shambani wakitafuna mashina ya migomba mpaka wakashiba. Mke wa mzee kawaona. Majirani wamewaona. Mbwa kawaona. Beyaraza akawarudisha msituni taratibu, Kyarisiima nyuma yake akigonga debe.

Mzee akaketi juu ya mgomba ulioanguka. Kisha akaniambia:

"Kijana, maisha yangu yote nimekaa hapa, hawakuja. Siku uliyonitoa, wakaja."

Kijana. Si mkwe tena. Jumapili Beyaraza kaalikwa aje na wazee wake kuposa. Kyarisiima kanisindikiza mpaka njiani, akasema pole, na alimaanisha. Halafu akakumbuka zile chafya alizosimuliwa na baba yake, akacheka mpaka akashikilia uzio. Imeniuma kuliko mbuzi.

Alhamisi, 18 Julai

Nimeyawaza maneno ya mzee tangu alfajiri. Jamani, mbona sikuyasikia vizuri? Siri yote kaitoa mwenyewe! Akiwepo, hawaji. Akitoka, wanakuja.

Basi nitamtoa. Aende msitu wa Kibale, akatazame sokwe, ndio hao hao ila wadogo. Huku nyuma nitawaketisha wageni kwenye migomba yake, walipe kuwaona gorila, nami ninunue mbuzi wengi kuliko wale wa kwanza kabla posa ya Beyaraza haijajibiwa. Naye awepo na filimbi yake, atafaa kuwapanga wageni.

Mwenye gari la viazi kakubali kumpeleka. Kopo la ugoro nimeshanunua, kubwa zaidi, maana Kibale ni mbali.