Kaboni ya Mkuu wa Idara

Idara ya Uratibu wa Mihuri, Geita, ina furaha kuutangazia umma kwamba suala la raketi limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Nasema haya kama Katibu wa Kamati ya Kuchagua Raketi, iliyokaa vikao tisa, vyote vyenye chai na vitumbua.

Chanzo ni nafasi moja ya mpira wa meza kwenye mashindano ya Shinyanga. Salvina wa masjala aliitaka. Alikuwa amefanya mazoezi miaka miwili, kila jioni, hadi ukuta wa stoo ukabanduka rangi. Mkuu wa Idara, Bwana Telesphori, naye aliitaka, tangu Jumanne. Ikaamuliwa wacheze Ijumaa, mshindi aende.

"Mimi nipeni ile ya bei nafuu, ya mbao tupu," Salvina aliiambia kamati. "Ya kaboni inafyatua mpira. Usipoizoea, kila mpira unatoka nje."

"Kaboni?" Mkuu aliacha kutafuna.

Msomaji asiye wa huku aelewe: kwetu kaboni ni zile punje nyeusi zinazonasa dhahabu kwenye matangi ya kuchenjulia, kisha zikachomwa ili dhahabu ibaki. Ukitaja kaboni Geita, hata aliyesinzia anaamka.

"Ndiyo maana bei yake mara kumi," Mkuu alininong'oneza. "Imeshiba hiyo."

Kamati ikampitishia ya kaboni kwa kauli moja. Alhamisi akanituma kwa Donatus, mchomaji kaboni wa Buseresere, ikapimwe imebeba gramu ngapi za dhahabu.

"Shikamoo, Katibu. Mbona hii ni raketi?"

"Marahaba. Maelekezo yanasema kaboni."

"Nikichoma hairudi."

"Choma."

Alichoma. Nikarudi na majivu kwenye bahasha ya kaki, imepigwa muhuri. Usiku huohuo kamati ikatoa taarifa ya kurasa mia moja na nne, jalada gumu, ikihitimisha kwamba dhahabu ilikuwemo ila haikutoa ushirikiano.

Ijumaa Mkuu hakuwa na raketi, hivyo akaazima ya Salvina kwa barua. Barua ilieleza kwamba kuazimisha ni hiari na utekelezaji ni mara moja. Salvina aliisoma mara mbili, machozi yakamlengalenga. Nilimwonea huruma, ingawa si kwa niaba ya kamati.

"Sasa mimi nichezee nini, Katibu?"

Mkononi nilikuwa na taarifa tu. Akaichukua, akaipima uzito, akaigeuza.

Mwamuzi alikuwa Mbuke wa jikoni. Akapekua kanuni zetu za michezo ukurasa kwa ukurasa.

"Taarifa haijakatazwa," alisema. "Anza tu, bosi."

Mkuu alifungwa seti tatu mfululizo, ya mwisho kumi na moja kwa mbili. Salvina anaondoka kesho kwenda Shinyanga na nakala tatu za taarifa.

Mimi nimeagizwa nieleze kwa maandishi kilichotokea. Nimeandika kwa uaminifu kwamba tangu idara hii ianzishwe, hiyo ndiyo taarifa yetu ya kwanza kutumika. Mkuu ametia saini bila kusoma.