Chumvi Kwenye Pipa la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wa chumba cha kuchanganyia rangi anastaafu! Mama Bosi kasema nafasi ni ya mmoja kati ya wawili: mimi au shemeji. Yaani kaka wa mke wangu, niliyemtafutia kazi hapa mwenyewe. Ama kweli shukrani ya punda ni mateke. Kila mtu atengeneze pipa la rangi nyeupe, Ijumaa yafunguliwe. Rangi ikituama chini, mwenyewe basi tena. Lazima nishinde. Mama mkwe tayari anamwita mwanawe bwana mkubwa. Mimi ananiita yule.

Mama Bosi alikuwa na kisirani. Fundi viatu jirani kalalamika tena kuhusu maji yetu meupe ya kuoshea vyombo vya rangi, yanapita mlangoni kwake. Sasa tunayajaza pipani, na hakuna ajuaye pa kuyapeleka.

Jumanne, 4 Machi
Nimemchokonoa mtaalamu wa maabara wakati wa chai. Kumbe rangi ni chembe ndogo mno ndani ya maji, kila moja na chaji hasi. Zenye chaji ya aina moja husukumana, ndiyo maana hazishikani wala kuzama. Nikasema kama mimi na shemeji. Hakucheka. Akaongeza kuwa ukitia chumvi, chaji za chumvi huzizunguka zile chembe, msukumo hufifia, zinashikana madonge na kuzama. Chumvi ya jikoni? Hiyo hiyo. Akaendelea na habari za sukari, kwamba haina chaji, hata umwage gunia hakuna kitakachoshikana. Nilikuwa sisikilizi tena.

Jioni ilikuwa zamu yangu kuosha mifuniko ya mapipa. Nimeosha na kurudisha chapuchapu, akili yote kwenye chumvi.

Jumatano, 5 Machi
Nimebeba pakiti nne za chumvi kutoka nyumbani. Wenzangu walipokwenda kula nimesingizia tumbo. Nimetafuta mfuniko wenye jina la shemeji, nimefunua, nimemwaga, nimekoroga hadi bega likalia. Rangi yake nyepesi mno! Nimemhurumia, kidogo.

Chakula cha jioni kimekosa chumvi. Mke kauliza imekwenda wapi. Nimesema panya. Kasema panya hawali chumvi. Nimesema wa siku hizi hawachagui.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kaniletea chai. Kasema ashinde nani, nyumba ni moja. Roho imenisuta nusu kikombe nzima. Kisha kaniambia mama keshaalika ndugu Jumapili wampongeze. Roho ikatulia.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa!

Pipa langu limefunguliwa: safi. La shemeji likafunguliwa: madonge chini, juu maji maangavu. Nikaanza kumpa pole. Mama Bosi akachovya kidole, akanusa, akasema haya ni maji ya kuoshea vyombo. Rangi ya shemeji imekutwa pembeni, chini ya mfuniko wa maji machafu, nzuri kama yangu. Nani aliosha mifuniko Jumanne? Nimetazama dari.

Mapipa yametoka sare. Mama Bosi kasema basi nafasi ni ya aliyeyatakasa yale maji, maana kamwondolea kesi na jirani. Shemeji akaapa hajui lolote. Mama Bosi akafurahi zaidi: ana kipaji na hajisifu! Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Ni mimi," nikasema. "Chumvi nilitia mimi."

Mama Bosi akaokota mfuniko, akasoma jina.

"Kwenye pipa lenye jina la shemeji yako?"

Shemeji ndiye msimamizi. Mimi nimepewa maji machafu, kila siku, na chumvi ya karakana. Ningefukuzwa kabisa, ila shemeji kaniombea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumapili, 9 Machi
Sherehe kwa mama mkwe. Shemeji kiti cha mbele, mimi karibu na mlango. Mama mkwe kaniuliza mbele ya watu kama chakula kimekolea au aniongezee chumvi. Wamecheka hadi watoto.

Nimetafakari sana njia nzima. Kosa langu nimeliona: chumvi. Kila mtu sasa anaijua. Kesho shemeji anachanganya pipa lake la kwanza kama msimamizi, na mfuniko wake nitaukagua mara mbili.

Mke anauliza jikoni sukari imekwenda wapi. Nimemwambia panya.