Msako wa Namba Nyekundu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimechaguliwa! Waandishi kumi na wawili wa vitabu vya vijana, na mimi ni wa saba. Msako wa mtandaoni. Mratibu, mwanamama anayemalizia kila sentensi kwa kijimoyo chekundu, ametutumia utaratibu. Kila mwandishi anaweka kwenye ukurasa wake sura ya mwenzake, si ya kwake. Ndani ya sura anaficha namba kwa rangi nyekundu. Msomaji anaokota namba, anabonyeza kwenda ukurasa unaofuata, zikitimia kumi na mbili anajumlisha na kutuma jumla. Atakayebahatika anapata vitabu vyote. Na hapo hapo anapiga kura kwa sura iliyomkosha. Yenye kura nyingi, mchapishaji anakichapa kitabu kizima na kukisambaza mashuleni.

Mashuleni! Kitabu changu, "Kijana na Ratiba Yake", kimekaa sebuleni miaka minne. Nilikichapisha mwenyewe. Maboksi manane, yamefunikwa kitambaa, juu yake televisheni. Leo mke wangu amekata shauri: kisipochukuliwa safari hii, maboksi yanakwenda kwa muuza karanga wa pale kona akafungie karanga. Nimemwambia atakuja kunipigia magoti. Amesema sawa, ila ninyanyue miguu apige deki.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Balaa. Mwandishi wa nane ni shemeji yangu.

Mdogo wake mke wangu. Huyu huyu anayelala chumba cha watoto. Msusi wa saluni, anaandikia kwenye simu wakati mteja yuko chini ya draya. Kuomba kwenyewe sikujua kama aliomba. Kitabu chake kinaitwa "Dawati la Nyuma". Binti wa shule anakuta vikaratasi kwenye dawati, vimeandikwa na mwanafunzi aliyetoweka miaka ishirini iliyopita. Upuuzi mtupu. Funzo hakuna. Nukta anazimwaga kama chumvi. Mimi ni karani wa masijala miaka kumi na tisa, mafaili yamepita mikononi mwangu, sentensi naijua.

Na kubwa kuliko yote: sura yake inawekwa kwenye ukurasa wangu. Mimi nimkaribishie wageni! Jioni amenishukuru mbele ya watoto, akasema shemeji usihangaike kuipamba, iweke tu ilivyo. Nimemwambia aondoe shaka, nitaishughulikia. Mke wangu akaniangalia kwa lile jicho lake.

Sura yangu imeangukia kwa Mfamasia. Mama mmoja mwenye duka la dawa, ambaye ndani ya hadithi zake wapenzi wote hufa kwa kuchanganya vidonge. Nimemtumia sura ya tisa. Inaishia pale baba anapomuuliza kijana: kwenye hiyo ratiba yako, mimi niko saa ngapi? Sehemu legelege kidogo. Nilitaka kuikata, muda ukanibana.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimeipata! Nimeipata kazini, nikigonga mihuri.

Namba niliyopewa ni sita. Kanuni inasema namba iwe nyekundu. Haisemi iwe tarakimu. Haisemi wekundu wa namna gani. Mratibu angekaa masijala wiki moja tu angejifunza kuandika kanuni.

Sasa. Katika sura ya Shemeji, binti anafika kwenye dawati, mkono uko juu ya mfuniko, halafu: "Nikasita." Neno moja, limepewa mstari mzima. Uvivu huo. Lakini ndani ya nikasita mna nini? Mna sita! Hizo herufi nne nimezipaka wekundu wa ule muhuri wetu wa SIRI uliokauka, ambao usipoinamisha kichwa utaapa ni mweusi. Ukurasa mzima hauna tarakimu hata moja. Watatafuta mpaka macho yawatoke. Wataichukia sura, watamchukia na mwenye sura.

Upande wa pili nimempigia Mfamasia. Nimemwomba namba yake aiweke mwanzo kabisa wa sura yangu, mstari wa kwanza, tarakimu kubwa, nyekundu ya kupiga kelele. Msomaji astarehe, asisumbuliwe. Ameniuliza kama nina hakika. Nimemwambia, "Mama, mimi wasomaji nawajua." Amekubali. Akaniuliza na presha yangu inaendeleaje.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Msako umefunguliwa saa mbili asubuhi. Mfamasia ni mtu wa kazi! Namba yake, tisa, imekaa juu ya sura yangu, kubwa kama namba ya mlango wa hospitali. Chini yake shukrani zinamiminika. Mmoja amesema kaipata kwa sekunde mbili. Mwingine kasema waandishi wote wangekuwa na utu kama huyu. Utu! Nimemsomea mke wangu. Akauliza kama kuna aliyesema lolote kuhusu hadithi. Nimemjibu utu na hadithi ni kitu kimoja.

Kwangu, vilio. Namba iko wapi? Ukurasa umeharibika? Nimekunywa chai yangu taratibu.

Mratibu ametutumia na takwimu. Kwenye sura yangu kila msomaji anakaa, kwa wastani, sekunde tano. Kwenye sura ya Shemeji, dakika arobaini na moja. Dakika arobaini na moja za mateso! Yangu inateleza tu, wanaimeza mara moja. Hayo ndiyo matunda ya sentensi zilizonyooka.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Raha ya aina yake. Wameanza kugombana.

Mmoja kaona moja ndani ya "pamoja". Mwingine kaona saba ndani ya "sababu". Wa tatu kaja na "mkutano", kaitoa tano. Kuna aliyekuta tatu kwenye "kutatua" na mia kwenye "kusimamia", kajumlisha sura nzima, kapata mia moja na kumi na sita, na anadai hilo ndilo jibu. Mwenzake kamuuliza hesabu alifundishwa na nani. Wakatukaniana walimu wao.

Mratibu amepiga simu. Ameniomba kwa upole niilegeze namba. Nimemsomea kanuni yake mwenyewe, kipengele kwa kipengele. Amekata. Ujumbe wake uliofuata haukuwa na kijimoyo.

Jambo moja limenikera. Mkuu wetu wa masijala nimemkuta ameinama na rula na kioo cha kukuzia. Nikadhani anakagua barua ya siri. Kumbe yuko kwenye sura ya Shemeji, mara ya tatu, anashuka mstari kwa mstari. Akaniuliza ni nani anayeweka vikaratasi kwenye dawati. Nikasema sijui. Akavua miwani.

"Unaishi naye nyumba moja na hujui?"

Ameniagiza nikamuulize nyumbani. Miaka kumi na tisa namfanyia kazi, na kitabu changu nilichompa kwa mkono wangu kinazuia dirisha lisijipigepige.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Imegunduliwa. Kuna mwanamke kaipeleka simu juani, kaiinamisha, kaziona herufi nne. Kaandika kwa herufi kubwa: nikaSITA! Nilitarajia matusi kwa Shemeji. Wamempigia makofi. Eti fundi. Eti namba kaificha pale pale moyo unaposimama. Kaificha nani? Nimeificha mimi!

Nimepita saluni kwa Shemeji, kwa bahati tu, baada ya kuzunguka mbali kuifuata njia ile. Foleni mpaka nje. Mteja aliyesukwa nusu ya kichwa anaisoma sura bila kutazama simu. Kwa ghibu! Wameisoma mara kumi kumi wakitafuta namba, imewakaa kichwani. Wote waliokuwa kwenye benchi wakasubiri afike pale, kisha wakalitamka lile neno kwa pamoja. Nimekula kona.

Nyumbani siko salama. Nimemwomba mke wangu kikombe cha pili cha chai. Kanyanyua birika, kasimama nalo hewani, kasema nikasita. Watoto wamecheka mpaka mmoja kapaliwa.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Siku ya mwisho ya kura. Nimechukua hatua. Saa nne asubuhi nimelifuta lile nikasita, nikaweka "nikasimama kidogo". Kiswahili sanifu, kimetulia.

Imedumu dakika kumi na moja. Simu yangu imelia mpaka imepata moto. Mkuu wa masijala mwenyewe amepiga, siku ya mapumziko, kuuliza nani kachezea waraka. Shemeji kaja na sura ya huruma, kanieleza kuna mtu kaingilia ukurasa wangu. Nimesema wadukuzi, dunia imeharibika. Kanipa pole. Kaniletea na chapati aliyokuwa amejiwekea yeye. Nimeila, lakini kwa hasira.

Nikalirudisha neno. Nimeona watu wameandika shikamoo kwenye ukurasa wangu. Wanalisalimia neno.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Matokeo.

Dawati la Nyuma: kura mia sita na kumi na mbili. Mfamasia: hamsini na tatu, na huko wamekufa watu sita katika sura moja. Mimi: mbili. Moja nimejipigia. Ya pili kidole cha mtu kimeteleza. Mke wangu siyo, nimemuuliza, hata kunificha hakunificha.

Mchapishaji amesema kitabu kitabadilishwa jina. Kitaitwa "Nikasita". Na kwenye jalada herufi nne za mwisho zitakuwa nyekundu iliyofifia. Wekundu wangu! Muhuri wangu!

Jioni Shemeji kaja kukaa karibu yangu. Mikono inanuka mafuta ya nywele. Kaanza kulia, mimi nikaangalia televisheni.

"Shemeji, sikujua unanithamini kiasi hiki. Ungeiweka namba wazi wangeichukua na kwenda zao. Umewafanya wasome kila neno."

Nimesema ni kawaida yangu. Mke wangu alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Akanitupia lile jicho lake. Afadhali angesema.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Muuza karanga amekuja. Kaifikicha karatasi kwa vidole, kaivuta, kainusa. Kasema ni ngumu kidogo kukunjika ila atajitahidi, kwa heshima ya jirani. Kwa heshima! Kachukua maboksi saba. La nane limebaki kwa kuwa televisheni haina pa kukaa.

Nilimsaidia kupakia kwenye toroli. Boksi la pili lilipasuka upande, nikaliona jina langu mara arobaini, limepangana. Imeniuma. Imeniuma sana, na naandika humu kwa sababu humu hakuna anayesoma.

Televisheni sasa iko chini mno. Tunaangalia taarifa ya habari tumeinamisha shingo.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Nimekaa, nimetafakari, nimelijua kosa. Si langu. Ni la Mfamasia. Tisa ilikuwa kubwa, ndiyo, lakini ilikuwa moja tu. Msomaji akishuka chini anajihisi mpweke. Mratibu ametangaza msako mwingine Desemba. Nimeshamwandikia: safari ijayo namba yangu iwekwe kila aya, iwe nene, na iwe inawakawaka. Sijajibiwa bado. Anatafuta kijimoyo cha kunitumia.

Leo nimepata ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua. Mrefu, sijui kwa nini watu hawajui kufupisha. Anasema ni fundi cherehani. Msako aliufuata kwa ajili ya binti yake, kisha ukamnogea mwenyewe. Tatizo lake, rangi nyekundu haioni tangu azaliwe, hata nyuzi anachaguliwa na mkewe. Kwenye kurasa nyingine binti alimsaidia. Alipofika kwenye sura yangu binti alikuwa shule. Tisa akaiona, ila akadhani ni ile ya sura ya tisa. Basi akaisoma sura yote akitafuta namba. Hakuipata. Akaisoma tena. Mara ya tatu, anasema, namba alikuwa ameshaisahau. Jumla yake haikutimia na zawadi kaikosa, ila kura kanipa mimi.

Mwishoni kaandika hivi: "Mwandishi, samahani kwa usumbufu. Baba alipomuuliza yeye yuko saa ngapi kwenye ratiba, kijana alimjibu nini? Mimi na binti yangu tumeshindwa kulala na hilo. Kitabu kinapatikana wapi?"

Ona mtu huyu! Namba iko mstari wa kwanza, kubwa kuliko mlango, yeye anahangaika na mambo ya baba. Nimemjibu papo hapo. Nimemwambia namba ni tisa, msako umefungwa, na siku nyingine asome kwa makini. Kisha nimemfungia asiniandikie tena.

Watu wa siku hizi hawasomi.